Safari Lini?

Chuo chenyewe hakikuwa na jengo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo majirani walikataa kulielewa, na mtu hawezi kuwalaumu, maana chuo kisicho na geti, kengele wala mlinzi wa kukuuliza unakwenda kwa nani lazima kikutie wasiwasi. Wanafunzi wake walikuwa wakizunguka dunia. Muhula huu pande hizi, muhula ujao pande zile, na kila walikofika walikabidhiwa kwa mtu mwenye kazi yake, wakae naye, washike anachoshika, wachafuke anavyochafuka. Vitabu walisoma jioni, kama macho yalikuwa bado yanakubali kufunguka.

Mwisho wa muhula, mwenyeji alijaza fomu ya ukurasa mmoja. Maswali ya juu yalikuwa ya adabu tu, kama vile mwanafunzi alifika kwa wakati, alisalimia watu, alivunja nini. Mtihani ulikuwa swali la mwisho: “Je, unaweza kumwachia mwanafunzi huyu kazi yako siku moja nzima, wewe mwenyewe usiwepo?” Chini yake kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na asiyepata Ndiyo nne kutoka pande nne za dunia hakupewa shahada. Kurudia hakukuwepo.

Binti wa Mama Zipu alikwishapata Ndiyo tatu. Ya kwanza aliipata kwa mwoka mikate wa nchi ya baridi kali, mzee ambaye kwa miezi mitatu alimwambia maneno kumi na moja, manne kati yake yakiwa “funga mlango wa tanuri.” Ya pili ilitoka kwa fundi baiskeli aliyegombana na kila nati kana kwamba imemtukania ukoo. Ya tatu ilikuwa ya msimamizi wa chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, mama aliyepokea shuka elfu mbili kwa siku na hakupoteza hata foronya. Ilibaki moja tu.

Wenyeji walipatikana kwa kura. Binti alitia mkono kwenye kofia ya mratibu wa chuo, akatoa karatasi, akasoma: fundi wa mabegi. Akasoma anwani. Akaisoma tena, halafu akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna maelezo mengine.

“Hapa ni kwetu,” alisema. “Huyu ni mama yangu.”

Mratibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Mama yako alituandikia mwaka jana kuomba kuwa mwenyeji. Mwandiko mzuri sana. Kanuni inakataza mwanafunzi kuchagua mwenyeji wake. Wewe umechagua?”

“Sijachagua.”

“Basi. Kuhusu kuzaliwa, kanuni haikusema kitu.”

Wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alikuwa amepata visiwa vya mbali, mwingine milima yenye theluji, na yeye badala ya yote hayo amepata kitanda chake cha zamani. Binti alijitia kununa, lakini moyoni alikuwa anashangilia. Miezi mitatu ya kupikiwa na kulala! Mama gani duniani amnyime mwanawe alama ya kalamu? Ndiyo ya nne aliihesabu kuwa iko mfukoni, tena mfuko wenye kifungo.

Alimkuta mama yake amesimama mlangoni pa karakana, ambayo ndiyo iliyokuwa sebule ya nyumba kabla mabegi hayajaiteka. Alikuwa amevaa aproni mpya na ameshika kijitabu.

“Karibu, mgeni,” alisema, akampa mkono. “Mimi ndiye mwenyeji wako. Choo kiko kule nyuma.”

“Mama, choo nakijua.”

“Kitabu kimesema mwenyeji amwonyeshe mwanafunzi choo.” Kijitabu cha chuo alikuwa amekisoma chote na kukipigia mistari. “Ukurasa wa pili. Je, una mzio wa chakula chochote?”

“Mama!”

Hapo kijitabu kikaanguka. Mama Zipu alimkumbatia mwanawe mpaka mbavu zikalia, akamshika uso, akamgeuza huku na huku kama anayetafuta mshono uliofumuka. Alikuwa amemkumbuka sana. Hakuandika ile barua ya maombi kwa kupenda elimu. Aliiandika kwa sababu mwanawe alikuwa anapelekwa kwa mafundi wa dunia nzima, na yeye aliona wivu. Kisha akainama, akaokota kijitabu, akaendelea na ukurasa wa tatu.

Karakana ile haikuwa na ukuta unaoonekana. Mabegi yalipanda kutoka sakafuni hadi darini, ya magurudumu na ya mgongoni, ya ngozi na ya turubai, mengine yamekosa mkono, mengine yameachama vinywa. Katikati palikuwa na meza, cherehani ya miguu, kopo la vichwa vya zipu, kopo la magurudumu na nyundo tatu. Chini ya meza, mahali pake pasipobadilika, palikaa matofali mawili yaliyofungwa kwenye kipande cha blanketi. Kila begi lililotengenezwa lilitiwa matofali yale na kutembezwa. Mama Zipu alilikokota akapita mbele ya kinyozi, akapita duka la dawa, akakata kona yenye lami iliyobomoka, akazunguka nyuma ya majengo, akarudi. Likirudi magurudumu yanazunguka na zipu imefunga mdomo, lilikabidhiwa kwa mwenyewe. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo kila siku. Mpita njia asiyemjua angedhani ni mwanamke anayeikimbia ndoa yake kila alasiri kisha anajirudi, wakati mwenzenu alikuwa mjane wa siku nyingi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kusafiri. Dada yake, ambaye binti alimwita Mama Mkubwa, alikaa mji wa mwendo wa saa tatu kwa basi, na kila mwaka alimwita. Kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: “Nitamwachia nani mabegi?”

Binti alianza muhula kwa kujinyoosha. Wiki ya kwanza alishona bitana mbili na kupiga miayo mingi. Alipenda zaidi kukaa pembeni na daftari, akiandika jinsi karakana ingeweza kuendeshwa kisasa. Na kweli, kwa macho ya mtu aliyetoka kwenye shuka elfu mbili, pale palikuwa vurugu tupu. Begi kubwa juu ya dogo, jekundu katikati ya meusi, hakuna namba wala lebo. Tena kila mteja alipoingia, kabla hata hajasema begi linaumwa wapi, mama alimwuliza, “Safari lini?” Swali hilo lilimtia binti aibu tangu utotoni. Aliliona ni umbea mtupu. Yakuhusu nini mtu anasafiri lini?

Wiki ya pili, mama alikwenda sokoni kununua nyuzi. Asubuhi moja ilimtosha binti. Aliyashusha mabegi yote, akayapanga upya kwa ukubwa, madogo mbele na makubwa nyuma, akayafunga lebo za kadibodi zenye namba kwa uzi wa rangi, kama alivyofundishwa hotelini. Palipendeza! Unaweza kupiga picha. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, mguu juu ya mguu, akisubiri kusifiwa.

Mama Zipu aliingia na vifurushi vyake, akasimama. Mtu aliyemjua angeanza kutafuta mlango.

Kabla hajapata sauti, aliingia nesi mmoja, anahema, viatu vyeupe miguuni. “Nimefuata begi langu. Gari ya kwenda uwanja wa ndege inanipitia saa nane.”

“Lipi?” aliuliza binti kwa upole wa ofisini.

“Kubwa, la kijivu. Lilikuwa hapa hapa mlangoni.”

Lilikuwa namba thelathini na moja, nyuma kabisa, chini ya mengine manne, na zipu yake bado mbovu. Saa ilikuwa saba kasorobo. Sitaki kueleza yaliyofuata maana bado yanachosha kuyakumbuka. Itoshe kusema mama aling'oa zipu na kutia nyingine kabla nesi hajamaliza kulia, akatupia matofali ndani, akalitembeza begi lile kwa mbio, aproni inapepea, kinyozi amesimama mlangoni na wembe mkononi akidhani kuna moto. Nesi aliiwahi gari yake zikiwa zimebaki dakika tatu.

Ndipo mama alipokaa.

“Yalikuwa yamepangwa,” alisema. “Ya mlangoni ni ya wanaosafiri leo na kesho. Yanayofuata ni ya wiki hii. Pale kwenye nguzo ni mwezi huu. Ukutani ni wale ambao hawana uhakika. Kule juu darini ni wale wanaosema ‘karibuni’ tangu wewe uko shule ya msingi. Hawaendi popote, lakini wanaleta begi litiwe mafuta, na mimi nalitia. Unadhani huwa nawauliza watu safari lini kwa sababu napenda habari zao?”

Hivyo ndivyo binti alivyodhani miaka yote.

“Fomu ingekuja leo, ningetia Hapana. Tena kwa wino.”

“Mama, mimi ni mwanao!”

“Ndiyo maana. Wale wenzangu watatu walimsifu mtu ambaye alikuwa anaondoka. Mimi nikidanganya, nabaki nao uongo wangu humu ndani.”

Ilimuuma. Alikwenda nyuma, akalia kwenye choo alichoonyeshwa siku ya kwanza, na alipomaliza alijiuliza jambo ambalo lingemsaidia mapema zaidi. Kwa mwoka mikate aliuliza kila kitu, hata kwa ishara. Kwa fundi baiskeli aliuliza mpaka akafukuzwa. Kwa mama yake hakuuliza hata swali moja, kwa kuwa alijiona anajua.

Akarudi, akazikata lebo zote. “Nifundishe kuyapanga,” alisema.

Walianza mlangoni. Alishika begi, mama akataja mwenyewe na siku yake, naye akaliweka. La mwalimu, Jumatano. La bwana harusi, Jumamosi, kama hatabadili mawazo. Yalikwenda hivyo mpaka jioni, mama bila kutazama karatasi yoyote. Mwisho kabisa kilibaki kibegi kidogo cha kahawia, cha mkononi, ngozi laini, zipu inateleza bila hata kelele.

“Hili la nani?”

“La juu hilo.”

“Ndiyo, lakini la nani? Safari lini?”

Mama Zipu alianza kutafuta sindano ambayo ilikuwa kwenye aproni yake. “Pandisha tu,” alisema.

Binti alipanda ngazi, akaliweka darini, na hakuuliza tena. Kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa ameelewa jambo bila kuelezwa.

Baada ya hapo muhula ulimkamata sawasawa. Vidole vilitoboka, vikapona, vikatoboka tena. Alijifunza kusikiliza zipu kwa sikio, kutofautisha gurudumu lililochakaa na lililojaa nywele tu, na kuwauliza watu safari lini bila kuona haya. Alasiri alitembeza mabegi, na kinyozi hakukosa neno. “Profesa! Unahama tena? Safari hii umekosana na nani?” Naye alimjibu, “Na wewe!” akakata kona yenye lami iliyobomoka.

Fomu ilifika ikiwa imebaki wiki moja. Mama Zipu alijaza maswali ya juu siku hiyo hiyo. La mwisho alilitazama siku tatu.

“Tatizo si wewe,” alisema hatimaye. “Wanauliza kama naweza kumwachia mtu siku nzima. Mimi sijawahi kumwachia mtu nusu saa nikatulia. Nitajuaje?”

“Ondoka siku moja, ujue.”

“Niende wapi?”

“Popote, mama. Dunia ni kubwa, nimeikagua.”

Jumanne asubuhi mama aliaga, akachukua mkoba, akaondoka ameinua kidevu. Kufika saa tatu kinyozi alikuwa mlangoni pa karakana, mikono kiunoni. “Profesa, njoo umchukue mzazi wako. Amekaa dirishani kwangu tangu asubuhi anakuchungulia. Wateja wanakosa kiti, na sasa ameanza kunikosoa jinsi ninavyoshika mkasi.”

“Nilikuwa napumzika tu,” alisema Mama Zipu alipoletwa, na siku ile haikuhesabiwa.

Fomu ilitakiwa kutumwa Ijumaa. Jumatano ilipita mama akitia na kuondoa mguu mlangoni. Alhamisi binti aliamka akakuta nyumba imenyamaza. Juu ya cherehani palikuwa na karatasi: “Nimekwenda kwa dada. Basi la saa kumi na mbili. Nitarudi jioni. Lile jeusi ni la kesho, mkono wake bado.” Binti alikimbilia kwa kinyozi. Kinyozi aliapa, akafungua hata kabati la taulo aoneshe. Hakuwepo.

Alirudi polepole. Alikuwa ameitaka siku hii miezi mitatu, na sasa imekuja alitamani ingoje kidogo. Alifunga aproni, akautengeneza mkono wa begi jeusi, akafungua mlango.

Saa sita aliingia mpiga tarumbeta wa bendi moja, begi ubavuni, gurudumu mkononi.

“Safari lini?” aliuliza binti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake hasa.

“Leo. Basi la saa tisa.”

Akalilaza begi mezani, akatoa ribiti ya zamani, ule msumari unaoshika gurudumu, akapiga mpya, akazungusha gurudumu kwa kidole. Lilizunguka vizuri. Akainama chini ya meza kuchukua matofali. Hayakuwepo. Blanketi nalo halikuwepo. Alitafuta nyuma ya cherehani, akatafuta jikoni, hata chini ya kitanda.

“Dada, limeshapona hilo, nipe niende zangu,” alisema mpiga tarumbeta.

“Hapa begi halitoki bila kutembezwa.”

“Nitalitembeza mwenyewe mpaka stendi!”

Lilikuwa ombi la kushawishi sana. Binti alisimama, akafikiri, kisha akaingia chumbani na kutoka na ripoti zake za mihula mitatu: ya mikate, ya baiskeli na ya shuka, zote zina majalada magumu, pamoja na kamusi. Akazitia begini. Kwa mara ya kwanza elimu yake ilikuwa na uzito ambao mtu anaweza kuupima. Akapita kwa kinyozi, akapita duka la dawa, na pale penye kona ya lami iliyobomoka gurudumu likachomoka, likavuka barabara peke yake.

Alilifukuza, akarudi mbio, akatia ribiti ndefu zaidi na bati nyuma yake, akatembeza tena. Safari hii lilipita konani bila kulalamika. Mpiga tarumbeta hakusema tena kuhusu haraka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama wafanyavyo wapiga muziki wakipigiwa makofi, akaliwahi basi lake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, Mama Zipu alionekana anakuja barabarani. Alikuwa ameinama upande mmoja na uso wake unang'aa. Mkononi alikuwa na kibegi cha kahawia. Binti alitazama darini, akaona nafasi tupu, akatoka mbio kumpokea. Alipolishika begi, bega lake nusura lichomoke.

“Mama, umebeba nini?”

Binti aliliweka juu ya meza na kuvuta zipu. Ndani mlikuwa na mswaki, na blanketi, na ndani ya blanketi matofali mawili.

“Mama! Umesafiri na matofali?”

“Begi tupu linayumba,” alisema Mama Zipu kwa ukali. Halafu ukali ukamtoka. “Nililifungua nikalitazama. Mabegi ya watu yote haya, siku zote nayatia matofali. La kwangu sikujua watu huweka nini.”

Binti alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta machozi yanamtoka. Mama naye alicheka. Alisema dada yake alicheka zaidi, mpaka wakamletea maji, na kwamba njiani aliona mto, na kwamba kiti cha dirishani ni kizuri mno, kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia?

Kisha akavaa aproni, akakagua. Alipima mkono wa begi jeusi kwa kuuvuta kwa nguvu. Alitazama ya mlangoni, ya kwenye nguzo, ya ukutani.

“Limetoka lolote?”

“Moja. La mpiga tarumbeta.”

“Ulilitembeza na nini, na matofali nilikuwa nayo mimi?”

Binti alimwonyesha zile ripoti, jalada la mikate limechanika pembe. Mama Zipu alizinyanyua zote tatu na kamusi juu yake, akakadiria uzito, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akakaa, akavuta fomu, akatia alama kwenye Ndiyo. Hakuishia hapo. Kwenye swali lenyewe alikata neno “moja”, na juu yake akaandika “tatu.”

“Mama, swali la chuo halirekebishwi!”

“Si wamemwuliza mwenyeji? Mwenyeji kajibu.”

Binti alichukua kibegi cha kahawia, akaweka mguu kwenye ngazi akirudishe darini. Nyuma yake mama alikohoa kidogo. Binti akashusha mguu, akageuka.

“Safari lini?”

“Ijumaa ya wiki ijayo,” alisema Mama Zipu, anaikunja fomu kwa uangalifu mkubwa. “Nalala huko mpaka Jumapili. Lakini kwanza kaa hapa, wewe uliyezunguka. Nionyeshe watu huweka nini.”

Binti alivuta kiti. Aliyatoa matofali, akayarudisha chini ya meza mahali pake, akaanza na soksi.